Mboji ya majani

Mboji ya majani ni mboji nyepesi, ya kahawia iliyokolea au nyeusi, inayopatikana wakati majani ya miti yaliyopukutika yanapoachwa yaoze polepole kwa muda wa mwaka mmoja hadi mitatu. Hutengenezwa zaidi katika nchi zenye majira manne, ambako miti mingi hudondosha majani yake yote kwa pamoja kabla ya baridi. Nchini Uingereza ni desturi ya zamani ya watunza bustani, na hadi leo kizimba cha waya kilichojaa majani ni kitu cha kawaida katika vishamba vya kukodi vilivyo pembezoni mwa miji.

Mboji hii haina virutubishi vingi, na anayeitumia akitegemea mazao yake yanenepe kama yaliyowekewa samadi atavunjika moyo. Faida yake iko kwenye umbile: huufanya udongo mzito uwe tifutifu, huuwezesha udongo wa kichanga kushika maji, na ikiiva vizuri ni kitanda laini cha kuoteshea mbegu. Vilevile malighafi yake haina bei.

## Jina

Kwa Kiswahili neno "mboji" hutumika kwa mabaki yoyote ya viumbe yaliyooza ndani ya udongo, na pia kwa mbolea inayotengenezwa kwa kulundika takataka za jikoni, nyasi na samadi. Katika makala hii lundo la aina hiyo ya pili linaitwa "mbolea ya mboji", ili litofautiane na mboji ya majani peke yake. Tofauti si ya jina tu, kwa kuwa vitu hivi viwili huozeshwa na viumbe tofauti.

Majira ya majani kupukutika katika nusu ya kaskazini ya dunia huhesabiwa kuwa Septemba hadi Novemba. Baadhi ya watu huyaita "vuli", lakini msomaji wa Afrika Mashariki asichanganye: vuli ya kwetu ni msimu wa mvua fupi, na haina uhusiano na kupukutika kwa majani.

## Jani linapoanguka

Mti wa kanda hizo hauangushi majani yake hivihivi. Siku zinapokuwa fupi na baridi inapoanza, mti huvunja klorofili, yaani kemikali inayolipa jani rangi ya kijani, kisha hurudisha sehemu kubwa ya nitrojeni na fosforasi kwenye matawi na shina ili zitumike mwaka unaofuata. Rangi ya njano iliyokuwa imefichwa chini ya ukijani ndipo huonekana. Mwishoni hujengeka utando wa seli kwenye kikonyo, na upepo mdogo unatosha kulidondosha jani.

Kwa hiyo jani linalofika chini limeshanyang'anywa sehemu kubwa ya chakula chake. Kinachobaki ni hasa kaboni: selulosi na lignini, ile kemikali ngumu inayoupa mti uimara wake. Katika majani mengi yaliyopukutika kuna takriban sehemu 40 hadi 80 za kaboni kwa kila sehemu moja ya nitrojeni. Bakteria wanaopasha moto lundo la mbolea ya mboji hupendelea uwiano wa karibu 25 hadi 30 kwa moja. Wakipewa majani makavu matupu hukosa nitrojeni ya kujengea miili yao, na lundo hubaki baridi.

## Jinsi yanavyooza

Kazi ambayo bakteria hawaiwezi huchukuliwa na kuvu. Nyuzi zao nyeupe hupenya kati ya majani yaliyolowa, hutoa vimeng'enya na kuyavunja kidogokidogo. Baadhi ya kuvu ni miongoni mwa viumbe wachache wenye uwezo wa kuvunja lignini, lakini hufanya kazi hiyo taratibu. Hapo ndipo unapotoka ule muda mrefu wa kungoja. Mtu akifukua lundo la miezi sita atakuta majani yamegandamana kama kurasa za kitabu kilicholowa, huku nyuzi nyeupe zikiwa zimetambaa kati yake. Si dalili ya ugonjwa, na hakuna haja ya kulimwaga lundo.

Kuvu huhitaji unyevu na hewa. Lundo likikauka, kazi husimama kabisa, na majani yanaweza kukaa mwaka mzima bila kubadilika. Likijaa maji hadi hewa ikatoweka, huanza kutoa harufu mbaya. Joto si sharti kubwa, ndiyo maana mboji ya majani huendelea kutengenezeka hata kwenye kona yenye kivuli ambayo haifai kupandwa kitu kingine.

Kuvu hawako peke yao. Majongoo, utitiri na nyungunyungu hutafuna vipande vilivyolainika na kuvirudisha vikiwa vidogo zaidi. Charles Darwin, katika kitabu chake kuhusu nyungunyungu kilichotoka mwaka 1881, alieleza jinsi wanavyoyavuta majani hadi ndani ya mashimo yao, mara nyingi wakiyashika upande wa ncha iliyochongoka ili yapite kwa urahisi. Lundo linalogusa ardhi hupata wageni hawa bila kuwaalika. Mfuko wa plastiki huwakosa.

## Vishamba vya kukodi na majani yake

Kishamba cha kukodi cha Uingereza ni kipande cha ardhi ambacho mkazi wa mjini hukikodi, mara nyingi kutoka halmashauri, ili alime mboga na matunda ya nyumbani kwake. Msingi wake wa kisheria ni sheria ya mwaka 1908, ambayo iliweka wajibu wa halmashauri kutafuta ardhi ya vishamba pale wakazi wanapoihitaji. Sheria ya mwaka 1922 ilifafanua kuwa mazao yawe hasa kwa matumizi ya mkodishwaji na familia yake. Kipimo cha jadi cha kishamba kizima ni "poli" 10, yaani takriban mita za mraba 250. Siku hizi vingi hugawanywa nusu kwa kuwa waombaji ni wengi kuliko ardhi.

Ukubwa huo unaeleza tatizo la mkulima. Kanuni za vishamba vingi hazikubali miti mikubwa, kwa sababu humtia kivuli jirani, hivyo majani ya kutosha hayapatikani ndani ya kishamba chenyewe. Hutoka kwenye bustani ya nyumbani, viwanja vya shule na makaburi, au huletwa na halmashauri. Baadhi ya halmashauri hupeleka majani ya bustani za umma moja kwa moja kwenye vishamba, jambo linalowapunguzia gharama ya kuyatupa.

Majani ya barabarani ni habari nyingine. Huwa yamechanganyika na mafuta ya magari, vumbi la matairi, vipande vya plastiki na vioo, na si rahisi kuvichambua. Yale ya barabara zenye magari mengi hayafai mahali panapolimwa chakula. Majani ya vichochoro vitulivu hayana shida kubwa, ila yakaguliwe.

Msituni nako si pa kuchukulia. Kwanza majani ni mali ya mwenye ardhi. Pili, ndiyo mbolea ya msitu wenyewe. Katika Ulaya ya Kati, hasa Ujerumani, wakulima wa karne zilizopita walikuwa wakikwangua majani ya msituni kila mwaka ili kuyatandika chini ya mifugo zizini. Udongo wa misitu hiyo ulidhoofika na kuwa na tindikali zaidi, na miti ikapunguza kasi ya kukua.

## Utengenezaji

Njia ya kawaida ni kizimba. Nguzo nne hupigwa chini kwa umbali wa karibu mita moja kutoka moja hadi nyingine, kisha huzungushiwa wavu wa waya kama ule wa mabanda ya kuku. Hakuna haja ya sakafu wala paa. Kazi ya wavu ni kuzuia upepo usiyatawanye majani huku hewa ikipita. Kizimba kidogo sana hukauka haraka kwenye kingo, hivyo kimoja cha mita moja ya ujazo ni bora kuliko viwili vya nusu yake.

Majani hukusanywa kwa reki siku moja baada ya mvua, kwa kuwa yaliyolowa hayapeperuki na hayahitaji kumwagiliwa. Yaliyokauka humwagiwa maji kwa tabaka wakati wa kujaza. Kosa linalorudiwa na wengi ni kujaza majani makavu kisha kumwaga maji juu: maji hupita pembeni kama yanavyopita juu ya vigae vya paa, na katikati hubaki pakavu. Kipimo chepesi ni kukamata majani kiganjani na kuyaminya. Yakitoa matone machache yametosha. Baada ya kila tabaka hukanyagwa kidogo, bila kushindiliwa.

Ujazo hupungua kwa namna ya kushangaza. Kizimba kilichofurika mwezi wa Novemba hushuka karibu nusu ifikapo masika, na mwishoni kinaweza kutoa robo tu ya kilichoingizwa, au pungufu. Anayehitaji mboji hii kila mwaka huwa na vizimba viwili au vitatu vinavyopokezana.

Asiye na nafasi hutumia mifuko mikubwa ya plastiki. Majani yaliyoloweshwa hujazwa, mfuko hutobolewa kwa uma sehemu kadhaa, hufungwa bila kukazwa na kuwekwa nyuma ya kibanda. Njia hii hufanya kazi vizuri, ila mifuko ikisahauliwa miaka mingi plastiki huanza kupasuka vipandevipande, na vipande hivyo huishia kwenye udongo. Magunia ya nyuzi asilia huoza pamoja na majani.

Kuharakisha kunawezekana. Mashine ya kukatia nyasi ikipitishwa juu ya majani huyakata vipande na papo hapo huyachanganya na nyasi mbichi, ambazo zina nitrojeni. Vipande vidogo huwapa kuvu na bakteria sehemu nyingi za kuanzia, na muda wa miaka miwili unaweza kupungua hadi mwaka mmoja. Nyasi zikizidi, lundo hupata joto, hushikana na kunuka, na kinachotokea ni mbolea ya mboji ya kawaida. Kuligeuza lundo kwa uma mara moja au mbili kwa mwaka husaidia, lakini si lazima.

Kabla ya kuligeuza au kuliondoa lundo ambalo limekaa majira ya baridi yote, hukaguliwa kwanza kwa mkono. Kalunguyeye wa Ulaya hulala usingizi wa miezi kadhaa ndani ya marundo ya majani, na uma wa shamba humuua.

## Majani yanayofaa

Majani ya mwaloni (*Quercus*) na ya miti ya jenasi *Fagus* na *Carpinus* yanasifiwa kwa kutoa mboji nzuri kuliko yote. Yana tanini na hayana haraka, lakini huvunjika sawasawa na kuwa laini bila kusumbua. Majani membamba ya *Betula* na *Tilia* huwahi zaidi. *Alnus* ni mti wa pekee katika kundi hili: mizizi yake ina bakteria wanaokamata nitrojeni ya hewani, nao hauhangaiki kuirudisha kutoka kwenye majani. Huyaangusha yakiwa bado na ukijani, na huoza upesi sana.

Majani makubwa na mazito ya *Platanus*, *Acer pseudoplatanus*, mjozi na *Aesculus hippocastanum* hufaa yakikatwakatwa kwanza. Yakiachwa mazima hulaliana kama bamba na kuzuia maji na hewa. Majani ya miti isiyopukutisha, kama *Ilex*, yana ngozi ya nta na hubaki mazima baada ya mengine kuoza. Mahali pake ni kwenye mbolea ya mboji, yakiwa yamesagwa. Sindano za msonobari hutengewa kizimba chake. Huchukua miaka miwili hadi mitatu na mboji yake hutumika kwa mimea inayopenda tindikali.

Kuhusu magonjwa, lundo la majani halipati joto la kuua vijidudu, kwa hiyo majani ya mwaridi yenye madoa meusi na ya mtufaha yenye magaga ni afadhali yasiingizwe. *Aesculus* ina adui wake, nondo mdogo *Cameraria ohridella*, ambaye buu lake huchimba ndani ya jani na bundo lake hukaa humo wakati wote wa baridi. Nondo huyo alionekana Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 2002, huko Wimbledon, London. Kizimba kilicho wazi chenye majani hayo huwaachia nondo wapya wakati wa masika. Majani yake hufungwa mifukoni hadi katikati ya mwaka unaofuata, au hufunikwa kwa udongo.

## Matumizi

Baada ya mwaka mmoja hivi mboji huwa bado na vipande vinavyotambulika. Hapo hutumika kama matandazo: hutandazwa kwa unene wa sentimita 5 hivi juu ya udongo uliolowa, kati ya mistari ya mboga au chini ya vichaka vya matunda. Huzuia magugu machanga na kuchelewesha ukavu, na nyungunyungu huiingiza ardhini bila mtu kulima. Upande wake mbaya ni kwamba konokono hujificha chini yake. Miche ya saladi iliyopandwa leo isizungushiwe matandazo leo.

Ikifikisha miaka miwili au zaidi, ikawa inavunjika kati ya vidole na kunukia kama ardhi ya msituni, huchekechwa na kutumiwa kuoteshea mbegu. Uhaba wake wa virutubishi hapa ni faida, kwa sababu mbegu ina akiba yake, na chumvi nyingi za mbolea huweza kuunguza mizizi michanga. Mche ukishatoa majani halisi huhitaji chakula zaidi. Kwa vyungu, mchanganyiko unaofahamika ni mafungu sawa ya mboji ya majani, mbolea ya mboji, udongo mzuri wa bustani na mchanga mkavu wa chengachenga. Mboji hii haijachomwa, hivyo mbegu za magugu huweza kuota ndani yake, na anayeitumia hujifunza kuzitofautisha na miche yake.

Karoti ni zao linaloonyesha faida yake waziwazi. Hugawanyika mizizi kwenye udongo uliotoka kuwekwa samadi, lakini hunyooka kwenye udongo wa mfinyanzi uliolainishwa kwa mboji ya majani.

## Piti, na kurudi kwa mboji ya majani

Hadi miaka ya 1930 watunza bustani wa Uingereza walikuwa na mapishi yao ya udongo wa vyungu, na mboji ya majani ilikuwamo katika mengi yake. Kila bustani kubwa ilikuwa na siri zake, na matokeo yalitofautiana mno. William Lawrence na John Newell, wa taasisi ya John Innes iliyokuwa Merton, London, walifanya majaribio ili kupata mchanganyiko mmoja wa kutegemewa. Ule wa kupandia vyunguni ulikuwa mafungu 7 ya udongo tifutifu uliochomwa kwa mvuke, 3 ya piti na 2 ya mchanga. Piti ni mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyojikusanya kwa maelfu ya miaka bila kuoza kabisa. Ilikuwa safi, ya aina moja na rahisi kununua, nayo ikachukua nafasi ya mboji ya majani. Baadaye viwanda vilitengeneza mifuko ya piti karibu tupu.

Gharama ya urahisi huo ilionekana baadaye. Kinamasi cha piti huhifadhi kaboni nyingi, na kinapokaushwa ili kichimbwe, kaboni hiyo hutoka hewani. Kurudi kwake huchukua karne nyingi. Mwezi Agosti 2022 serikali ilitangaza kuwa itapiga marufuku uuzaji wa piti kwa watunza bustani wa nyumbani katika Uingereza kufikia 2024, lakini mwaka huo uliisha bila sheria hiyo kupitishwa. Suala lenyewe si la Ulaya pekee: katikati ya Bonde la Kongo kuna eneo la piti la takriban kilomita za mraba 145,500, ambalo ramani yake ilichapishwa mwaka 2017, na Rwanda huchoma piti katika vituo vya kuzalisha umeme.

Mboji ya majani haiwezi kujaza pengo lote la piti. Haipatikani kwa wingi wa kibiashara, na hakuna mifuko miwili inayofanana. Kwa mwenye kishamba kimoja, hata hivyo, vizimba viwili vinaweza kutosha mahitaji yake ya kuoteshea mbegu kwa mwaka mzima, na pengo lake yeye hujazwa hapohapo.

## Katika Afrika Mashariki

Karibu na ikweta hakuna msimu mmoja wa miti yote kupukutika. Misitu ya miombo ya Tanzania hudondosha majani wakati wa kiangazi, lakini sehemu kubwa huliwa na mchwa au huteketea kwa moto. Mahali penye joto na mvua majani huoza haraka kuliko Ulaya, na huenda miezi michache ikatosha pale ambapo Uingereza huhitaji miaka.

Vitalu vingi vya miche vya eneo hili hujaza viriba kwa mchanganyiko wa udongo wa msituni, mchanga na samadi. Udongo huo wa msituni ni mboji ya majani iliyotengenezwa na msitu wenyewe, na hasara ya kuuchota ni ileile iliyoonekana Ulaya ya Kati. Majani ya miti ya shambani yanaweza kuchukua nafasi yake yakilundikwa kivulini, yakafunikwa kwa migomba au turubai ili yasikauke, na kumwagiliwa wakati wa kiangazi. Ya mwembe ni mazito na hukatwakatwa kwanza. Ya mgrevilea, mti uliozoeleka katika mashamba ya kahawa ya nyanda za juu, hukawia. Ya mkaratusi yana mafuta yanayoweza kuzuia mbegu kuota, hivyo hayafai kwa kitalu yakiwa mabichi.